Kiitikio cha Mheshimiwa

Mheshimiwa Mgunda alimwendea Bi Zamzam, mwimbaji wa taarabu. "Nitungie wimbo wa kampeni, wa bule, au naufunga ukumbi wako."

"Nitatunga, mheshimiwa. Ila kiitikio uimbe mwenyewe, watu waijue sauti yako."

"Hapo umenena vizuli."

Siku ya mkutano, Bi Zamzam alimaliza ubeti akampisha. Mheshimiwa alikumbatia kipaza sauti, akafumba macho, akaimba, "Nipeni kula, nipeni kula, sitaki jingine ila kula."

Uwanja uliangua kicheko. Muuza maandazi akafunika sinia lake.

"Umeniandikia nini wewe?" Mheshimiwa alimfokea Bi Zamzam.

"Kura, mheshimiwa. Hiyo kula umeitia mwenyewe. Sasa, ukumbi unaufunga, au tuingie ubeti wa pili?"

"Ukumbi baki nao," alinong'ona, "ila wimbo usiuludie."