Donge Mkononi mwa Naetwe

Sogeeni karibu, na mwenye muwa mdomoni aumalize upesi, maana hadithi hii haitaki watu wa kutafunatafuna. Aliyenisimulia alinionya kuwa imeshawahi kuvunja urafiki. Sikumsadiki, nikaisimulia harusini, na mpaka leo mashemeji wawili hawaamkiani. Haya basi, kazi kwenu.

Kijiji cha Kwamrindi kilikuwa mlimani, na kazi yake ilikuwa ufinyanzi. Udongo wa vyungu ulitoka katika shimo moja tu, lililoingia ubavuni mwa mlima kama pango, na shimo hilo lilikuwa la wanawake. Mwanamume hakulikanyaga. Akilikanyaga, walisema, udongo utakasirika na kila chungu kitapasuka motoni. Walikuwa wakisema hivyo tangu enzi za mababu wa mababu zao, na hakuna aliyethubutu kujaribu ili aone.

Kulikuwa na mfinyanzi kijana aliyeitwa Naetwe, mama wa mtoto wa miezi minne. Huyu alikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni mama mkwe wake, Nakijwa, mwanamke wa neno moja. Akisema mvua inakuja, watu huanua nguo kabla ya kutazama mawingu. Wa pili ni kaka yake, Kiondo, seremala mwenye mikono ya haraka. Wa tatu ni Senkondo, mchuuzi kutoka ng'ambo ya mlima, aliyekuja na punda kila mwezi kununua vyungu. Huyo alikuwa mwembamba kama fito, lakini akibeba mzigo unashangaa nguvu anazitoa wapi.

Asubuhi moja Naetwe alikuwa ndani kabisa ya shimo, anakwangua udongo mweusi, paa likaporomoka. Wenzake waliokuwa mlangoni wakakimbia. Yeye akabaki gizani, kifusi kimemfika kifuani, mikono imefukiwa, jiwe limembana mguu. Aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, maana ilikuwa saa ya mwanawe kunyonya, na hilo ndilo lililomliza kuliko mguu.

Ya nje alikuja kusimuliwa baadaye.

Mlinzi wa shimo, Bibi Namkunda, aliwakataza wanawake wasichimbe. "Mlima utashuka tena," alisema. "Hatuwezi kuzika wengi kwa ajili ya mmoja aliyekwisha kufa."

"Hajafa," akasema Nakijwa. "Nimemsikia anagonga."

"Apa."

Nakijwa akaapa kwa kaburi la mumewe. Hakuwa amesikia kitu, hata panya. Lakini alikuwa Nakijwa, na wanawake wakashika majembe.

Walipofika hatua kumi, paa likaanza kudondosha mawe. Bila nguzo za kulishikilia, wangekufa wote. Kiondo akakimbilia nyumba ya karibu, ya mjane aitwaye Nambike, ambaye siku hiyo alikuwa sokoni. Akang'oa mlango wa zizi na nguzo zake zote. Hakuuliza, na hakukuwa na wa kuulizwa. Akazitupa mlangoni mwa shimo, wanawake wakazipokea, paa likashika. Huku nyuma ng'ombe wa Nambike, naye alikuwa mmoja tu, akatoka zizini, akateleza gengeni akavunjika shingo. Mjane aliporudi alikaa chini kando ya mnyama wake, asiseme neno.

Mwishowe likabaki tundu dogo. Wanawake wembamba walipita, lakini jiwe likawashinda. Ndipo Senkondo, aliyekuwa amefika na punda wake asubuhi hiyo, alipovua shati. Bibi Namkunda akamwekea fimbo mbele.

"Mama, kwetu wanaume ndio wanaochimba udongo," akasema Senkondo. "Mwanamke akilisogelea shimo, tunalifunga siku saba. Sasa udongo wenu na wetu si wa mlima mmoja?"

Hakungoja jibu. Akainama, akapita chini ya fimbo. Naetwe akasikia pumzi za mtu gizani, kisha sauti: "Dada, usilale. Nimefika." Jiwe likainuliwa, naye akatolewa akiwa hai.

Furaha ilidumu muda wa kunywa kikombe cha uji. Bibi Namkunda alimwuliza, "Uligonga kwa kutumia nini mwanangu, jembe?" Naetwe, bila kujua lolote, akajibu, "Sikugonga, Bibi. Mikono yangu ilikuwa imefukiwa." Watu wote wakageuka wakamtazama Nakijwa. Laiti Naetwe angeumeza ulimi wake.

Sheria ya Kwamrindi ilikuwa hivi. Shimo likikosewa, hufungwa. Ili lifunguliwe, yule ambaye kosa lilitendwa kwa ajili yake hupewa donge bichi la udongo, naye humkabidhi mkosaji mbele ya watu wote. Atakayelipokea huondoka kijijini na hatarudi tena, hata kuzika. Donge likikauka na kupasuka mkononi kabla halijatolewa, shimo linafukiwa moja kwa moja, na nyumba arobaini zitakosa kazi. Kujipa mwenyewe haiwezekani.

"Makosa yaliyoingia shimoni ni matatu," akasema Bibi Namkunda, akimwekea Naetwe donge viganjani. "Kiapo cha uongo, mali ya mjane, na mguu wa mwanamume. Donge ni moja. Mpe mwenye kosa kubwa."

Naetwe aliketi juani na lile donge. Shimoni jiwe lilimbana mguu mmoja. Hapa hakuona pa kupumulia kabisa. Nyuma yake watu wakaanza kunong'ona: mpe mgeni, si ana kwao? Na kweli ilikuwa rahisi. Lakini kosa la Senkondo lilikuwa kosa upande huu wa mlima tu. Ukivuka kilele, linakuwa kazi ya kawaida ya asubuhi. Kosa gani hilo, linaloishia kileleni?

"Kuondoka naweza," akasema Senkondo. "Ila nikilipokea donge, nitakuwa nimekiri kwamba nilikosa. Sikukosa, dada. Nilikutoa."

Nakijwa alikuwa amembeba mtoto. "Nipe mimi, mwanangu," akasema. "Uongo ni uongo, hapa na hata huko kwa Senkondo." Akamsogeza mtoto kifuani. "Lakini nikirudishwa pale mlangoni, nitaapa vilevile."

"Lakini uongo wake haukumuumiza mtu," mmoja akasema.

"Sisi je?" akajibu mwanamke aliyechimba. "Mimi nina watoto sita. Niliingia mle kwa kiapo chake."

Kiondo hakuinua macho. "Nitamlimia Nambike shamba lake mpaka nife," akasema. "Ningefanyaje? Dada yangu alikuwa ndani."

Hapo Nambike akasema neno lake la kwanza tangu arudi sokoni. "Ng'ombe wangu hakumbana dada yako na jiwe."

Naetwe alijua jambo moja tu: ungemwondoa yeyote kati ya wale watatu, yeye angekuwa bado gizani. Ni watu wake, anawapenda, na mmoja lazima amfukuze kwa mkono wake mwenyewe. Donge likaanza kupauka pembeni. Akasimama, mguu unamuuma, akapiga hatua moja.

Nami nakomea hapo. Msinikunjie uso. Na msiniambie "inategemea," maana udongo unakauka. Nambike anataka haki yake, nyumba arobaini zinangoja, na watatu wamesimama mbele yako. Je, wewe ungempa nani? Na ukishamtaja, niambie na hili: ungemtaja huyo huyo kama mama yako angekuzalia ng'ambo ya mlima?