Kamba ya Bi Kaa

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa na mabaraza yao na kahawa yao, Bi Kaa aliishi kwenye mwamba wa matumbawe. Alikuwa mdogo, mkimya, lakini macho yake, wanangu, hayakukosa kitu.

Jirani yake alikuwa Bwana Chewa, mkubwa wa mwamba. Mdomo wake, lo! Ungeingia wewe na mkeka wako. Na chakula alichokipenda kupita vyote ni wale samaki pono.

Sasa pono ndio wanaokula mwani. Kwaru! Kwaru! Kutwa wanausugua mwamba, matumbawe yanapumua. Pono wakiisha, mwani unafunika kila kitu, matumbawe yanakufa, na Bi Kaa hana nyumba.

Bi Kaa alikuwa na kamba yenye mafundo hamsini. Kila bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, aliitandaza palepale kati ya mawe mawili, akatazama chini ya kila fundo. Hapa tumbawe hai. Hapa mwani. Zamani mafundo arobaini yaliangukia penye uhai. Yakawa thelathini na moja. Yakawa ishirini na mawili. Bi Kaa akashikwa na hofu.

Akaenda barazani kwa Chewa.

"Shikamoo, Bwana Chewa."

"Marahaba. Umekuja na uzi wako?"

"Kamba, bwana. Matumbawe yanakufa. Waache pono kidogo."

"Aka! Mbona mimi nikiwa mlangoni kwangu naona yote mazima?"

Baraza zima likacheka. Samaki taa akamwaga kahawa yake.

"Basi nipe jambo dogo tu," Bi Kaa akasema. "Kamba yangu ilipolala, mtu asiwinde mpaka bamvua ipite mara ishirini. Nipime bila kusumbuliwa."

Chewa akawaza: pale kamba yake inapolala pamejaa mwani, hakuna pono hata wa dawa.

"Nimekubali! Atakayewinda hapo atahama mwamba huu, hata akiwa mimi!"

"Ahsante, bwana. Na siku ya bamvua nitahesabu mbele ya watu wote, wajue mwamba wako una hali gani."

Chewa akawaza tena. Aibu gani hiyo inakuja!

Siku ya hesabu Bi Kaa akaitandaza kamba mapema, akaiacha pale. Adhuhuri, kila mtu kajilaza. Chewa akanyata, akaivuta ile kamba, swaa! mpaka bustanini nyuma ya nyumba yake. Huko kulikuwa na matumbawe mazuri kuliko yote, na ndiko walikobaki pono wa mwisho. Yale mawe mawili akayaacha. Nani anakumbuka mawe?

Alasiri watu wakakusanyika. Bi Kaa akaikuta kamba bustanini. Akahesabu fundo baada ya fundo.

"Arobaini na saba!"

"Si nilisema?" Chewa akavimba.

"Ulisema, bwana. Na kamba yangu ililala hapa hapa?"

"Hapa hapa! Haijasogea hata shubiri! Nani anabisha?"

"Habishi mtu," Bi Kaa akasema taratibu. "Basi hapa ndipo kamba ilipolala. Bamvua mara ishirini, bwana."

Pono mmoja akachungulia, akapita polepole mbele ya mdomo wa Chewa. Chewa akaufungua. Watu wote wakamtazama.

Pwa! Akaufunga.

Miezi ile Chewa alikula dagaa, tena kwa kununa. Pono wakazaana, wakafurika bustanini, wakafika mpaka kwenye yale mawe mawili. Kwaru! Kwaru! Na Bi Kaa alikuwepo hapo kila bamvua, anahesabu: ishirini na mawili, ishirini na matatu, ishirini na sita. Alikuwa na kamba nyingine. Aliisuka jioni ileile aliyotoka barazani.

Wanangu, anayehamisha kipimo ili asifiwe, hicho hicho kipimo kitamfunga.