Sega la Babu Manyoya

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa! Mbona mnajibu kama wagonjwa?
Pakawa!

Hapo kale, ukingoni mwa msitu, aliishi mjane jina lake Semeni. Mumewe alimwachia mizinga ya nyuki, na pamoja na mizinga, desturi: ukirina asali, sega moja unaliacha chini ya mti, la mwenye msitu. Kesho yake sega halipo.

"Analila nani?" watu wakauliza.

"Babu Manyoya," Semeni akajibu. "Husimama kama mtu, ana manyoya kama nyani, na nyayo zake kama ungo."

Basi, kijiji kikagawanyika. Hawa wakasema yupo, nyayo tumeziona. Wale wakasema ni nyani aliyenenepa. Wazee wakabishana mpaka ugoro ukawaishia.

Mdoe, ndugu wa marehemu, mdomo mpana kama shoka butu, akapaza sauti: "Hayupo! Hajawahi kuwapo! Hatakuwapo! Shemeji ana mwanamume huko msituni, anamlisha asali ya ndugu yangu. Mizinga nipeni mimi."

"Mwanamume mwenye nyayo kama ungo?" Semeni akasema. "Basi nitafutie na viatu vyake, shemeji."

Watu wakacheka. Jumbe hakucheka.

"Semeni, tuonyeshe huyo babu."

"Babu haitwi kama kuku, jumbe."

"Basi mizinga ni ya Mdoe mpaka huyo babu aonekane."

Semeni akarudi nyumbani. Mizinga ile ndiyo shamba lake, ndiyo mbuzi wake, ndiyo chakula chake.

Siku moja Mdoe akarina, akakomba yote.

"Na sega la mwenye msitu?" mkewe akauliza.

"Akilitaka, aje anidai mimi!"

Haya. Mchana kweupe, Semeni anatwanga uani kwake, akaona kitu kimechuchumaa mlangoni kwa Mdoe. Kidogo kama mtoto, manyoya matupu, kiganja kimenyooshwa.

"Sega langu?"

"Hayupo!" Mdoe akapiga kelele. Kikawa kirefu kama mtu.

"Sega langu?"

"Hajawahi kuwapo!" Kikafika paani. Mdoe akakimbilia ndani, akaingia uvunguni.

"Sega langu?"

"Hatakuwapo!"

Babu Manyoya akainua paa lote kama kifuniko cha chungu.

Kijiji kizima kikaja mbio, jumbe mbele. Hakuna aliyethubutu kusogea. Semeni akaweka mchi chini, akapita katikati yao.

"Shemeji, mbona uko uvunguni?"

"Niokoe, shemeji!"

"Nikuokoe na nani? Si hayupo?"

"Yupo! Yupo! Yupo!"

Kwa kila "yupo", babu akapungua, mpaka akawa kimo cha Semeni.

"Na mizinga ni ya nani?"

"Yako, shemeji!"

"Jumbe, umesikia?"

"Nimesikia," jumbe akasema, akiwa nyuma ya mkewe.

Semeni akatoa sega nono kwenye mtungi wa Mdoe. "Samahani, babu. Wengine hawakufunzwa kwao."

Babu akalipokea kwa mikono miwili. Akarudisha paa, kombo, akaenda zake akilamba vidole.

Semeni akarudi kutwanga. Wazee hawakukoma: "Mimi naona alikuwa nyani tu." Wabishane. Mizinga imerudi kwa mwenyewe, na sega moja huachwa chini ya mti. Na Mdoe, mvua ikimvujia kitandani, ukimwuliza nani alipindua paa, atakujibu: "Upepo."

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeamini akalale kwa Mdoe masika haya. Kubisha si kosa, wajukuu. Kosa ni kula sega la mwenzio kwa kuwa hujamwona.