Geti Dogo la Mzee Mhina

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura kusema na watu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na Mzee Mhina, mlinzi wa geti la reli. Treni ikija, anashusha geti, barabara inafungwa. Treni ikipita, analipandisha. Akazeeka, akastaafu, akili ikaanza kumpotea. Hata geti lenyewe likang'olewa. Lakini kila jua likizama aliinuka kitandani, "Treni inakuja, geti liko wazi!" Akatoka mbio kwenda relini. Basi mkewe, Bi Mwantumu, akawa anatia komeo, na mzee anagonga mlango akilia mpaka usingizi umchukue. Inauma, jamani, kumfungia mtu mzima ndani kama kuku.

Walikuwa na wana watatu. Twalibu, mkubwa, akaleta boksi kutoka mjini: vipande vya plastiki vya kuunda stesheni ndogo, zile zinazowekwa kando ya treni za kuchezea. Akavikata, akavisugua, akavigandisha kwa gundi: stesheni, kibanda cha mlinzi, na geti la kupanda na kushuka. Hoza, wa kati, mwandika mabango, akavipaka rangi: geti jekundu kwa jeupe, paa lenye kutu, masizi ukutani. Kilua, wa mwisho, aliyekuwa akimlisha baba na kumwogesha, akavipanga juu ya ubao kando ya kitanda.

Jua likazama. Mzee akanyoosha mkono, akashusha geti kwa kidole. "Nimefunga," akasema, akalala. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Bi Mwantumu akaacha kutia komeo.

Siku moja geti likavunjika. Twalibu alikuja kulitengeneza, naye anawahi basi. Akamimina gundi haraka haraka, ikapenya kwenye bawaba. Akaondoka. Hoza akaja kupaka rangi, akaiona gundi imeingia bawabani. Hakulijaribu geti, rangi mbichi isije ikachafuka. Akanyamaza, akaondoka. Hodari wa kunyamaza, yule.

Jua likazama. Mzee akasukuma kwa kidole, geti halishuki. Akasukuma tena, halishuki.

"Kilua mwanangu, geti limegoma. Watu watakufa."

Kilua alikuwa hoi. Tangu alfajiri hajakaa chini.

"Baba, hiyo ni plastiki tu. Lala." Akaenda jikoni kupasha uji.

Uji ulikuwa haujachemka treni ilipopiga honi. Kilua alikimbilia chumbani, akakuta kitanda kitupu na mlango wazi. Mzee Mhina alikutwa relini, pale pale geti lake lilipokuwa.

Sasa ni mazishi. Desturi yao, wana hushuka kaburini wakampokea baba yao. Bi Mwantumu akawaita watatu wote ndani, macho yamemvimba, akasema, "Aliyemuua mume wangu hashuki. Semeni ni nani."

Twalibu akasema, "Mama, geti nililileta mimi. Bila mimi baba angekuwa bado analia mlangoni. Mkono uliteleza tu. Hoza alipaka rangi hapo hapo, gundi aliiona, akanyamaza!"

Hoza akasema, "Gundi sikuishika mimi. Niliitwa kupaka rangi, nikapaka rangi. Kilua ndiye aliyeambiwa na baba kwa kinywa chake!"

Kilua akalia, akasema, "Nimemwogesha miaka yote, nyinyi mko kwenu mnastarehe. Leo neno moja la uchovu ndilo la kuninyima kumzika baba?" Kisha akalitazama komeo la mlango, lile lililoachwa kutiwa, akamtazama mama yake.

Mimi kisa hiki kinanichoma, sikifichi. Maiti imeshaoshwa, jeneza limeshanyanyuliwa, watu wako nje wanangoja. Na nyinyi msiinamishe vichwa, mmesikia yote. Wana watatu wanangoja kwenda kumpokea baba yao kaburini. Je, nani abaki juu?