Mji Uliofunika Midomo

Hapo zamani, na asiyenisikia vizuri asogee mbele aione midomo yangu, palikuwa na mji uitwao Mbokwa, kando ya mto mpana. Watu wa Mbokwa walipenda maneno. Walisalimiana mpaka kivuli kikahama, wakabishana mpaka kikarudi.

Katika mji huo aliishi mfinyanzi mmoja, jina lake Siwema. Siwema alikuwa kiziwi. Alizaliwa akisikia, lakini alipofika miaka saba homa ilimshika, na ilipomwachia iliondoka na masikio yake. Maneno aliyokwisha kujifunza yalibaki, basi alisema, ila kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Wengine wakisema, yeye aliwatazama midomo. Ukimwomba chungu, alikupa chungu. Ukimsengenya kutoka upande wa pili wa soko, alikujibu kutoka upande wa pili wa soko. Kwa hiyo wengi walimheshimu, na waliobaki walimwogopa.

Mumewe alikuwa safarini msimu ule. Nyumbani alibaki na wifi yake, Chausiku, dada wa mume. Chausiku alikuwa mwimbaji. Harusi aliyokosa kuimba Chausiku, watu hawakuiita harusi, waliiita kikao.

Yakaingia maradhi. Mtu alikohoa siku mbili, siku ya tatu akalala, na wengine hawakuamka. Mzee Mbaruku, mganga wa mji, akawavusha wagonjwa ng'ambo ya mto, akajenga kambi huko, akakaa nao. Naye Jumbe Mwinyigogo akatoa amri: kila mtu afunike pua na mdomo. Atakayeonyesha midomo yake hadharani atavushwa mto, akae siku arobaini kambini kwa wagonjwa.

Amri ilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Mpiga mbiu akatumwa kuitangaza. Naye kwa utiifu wake alijifunga kwanza, vitambaa vitatu, ndipo akapita mitaani akitangaza, "Mmfu mmfu mmfu!"

Watu wakaulizana, "Amesema nini?"

"Sijui. Lakini tazama alivyojifunga."

Wakajifunga.

Siku hiyo Siwema alikuwa bondeni akichimba udongo, akarudi usiku Chausiku amekwisha kulala. Asubuhi yake, wifi hajaamka, alijitwika vyungu, akaenda sokoni, akakuta mji hauna midomo. Macho matupu. Kwanza alidhani kuna msiba. Kisha akadhani wamekubaliana kumficha jambo. Akamwuliza huyu, kitambaa kikatikisika. Akamwuliza yule, kitambaa kikatikisika. Walipoona haelewi wakapaza sauti, maana watu hudhani masikio ya kiziwi yamelala tu, yanangoja kuamshwa.

Askari wa Jumbe wakamwona uso wazi. Wakamkamata, wakampeleka barazani.

Jumbe, nyuma ya kitambaa chake cha hariri, akauliza, "Kwa nini hukujifunika?"

Siwema akatazama hariri.

"Umeidharau amri yangu?"

Siwema akatazama hariri.

"Mnaona," wakasema wazee wa baraza. "Kimya ni kukiri."

Hapo Chausiku akapenya katikati ya watu. Alikuwa amekimbia toka nyumbani. Akasimama mbele ya wifi yake, mbele ya Jumbe, mbele ya baraza zima, akakishusha kitambaa chake mpaka kidevuni.

"Wifi! Nitazame. Kuna maradhi. Jumbe ameamuru tufunike pua na midomo. Funika, wifi yangu, wasikuvushe!"

"Basi?" akauliza Siwema. "Hilo tu?" Akavua kilemba chake, akajifunika uso. "Jumbe wangu, unisamehe. Sikujua."

Jumbe akafurahi. "Huyu ameelewa, naye ametii. Mwacheni." Kisha akamgeukia Chausiku. "Na huyu aliyemwelewesha, mvusheni mto."

Watu wa Mbokwa waliona ni haki. Sheria ni sheria. Siwema, ambaye hakuona neno hata moja la hukumu ile, aliielewa alipomwona wifi yake akiingizwa kwenye mtumbwi.

Sasa, palikuwa na fundi wa ngoma, Mzee Mlekwa. Mzee huyu alikuwa kibogoyo. Meno yalimtoka yote kabla hajaoa, na miaka yote aliishi na kiganja mdomoni, akicheka kwenye kiganja, akisalimia kwenye kiganja. Amri ilipotoka, alikuwa mtu pekee Mbokwa aliyeishukuru kwa moyo. Kitambaa! Mikono yake ikawa huru. Alitembea mjini kama bwana harusi.

Lakini duka lake lilitazamana na karakana ya Siwema. Akawa anamwona. Siku nenda siku rudi, wateja wanakuja, wanatikisa vitambaa, wanaondoka. Siwema haulizi tena. Siwema hacheki tena. Siku moja akamwona ameketi kati ya vyungu vyake, anatamka maneno peke yake, kama mtu anayehakiki kwamba bado yamo.

Mzee Mlekwa akaingia ndani. Akachukua kibofu cha mbuzi, akakikwangua kama anavyokwangua ngozi ya ngoma, akakikwangua mpaka kikapitisha mwanga, mpaka kidole kikaonekana upande wa pili. Akakikata, akakishonea katikati ya kitambaa chake. Akavaa, akavuka njia.

"Mwanangu Siwema," akasema. "Hujambo?"

Siwema akaona midomo. Ikafuata ufizi, wa juu na wa chini, bila jino hata moja. Machozi yakamlenga.

"Sijambo, baba. Lakini sema polepole. Maneno yako hayana pa kuegemea."

Askari wakamkagua, wakakuta pua na mdomo vimefunikwa kweli, wakamwacha. Mji ukacheka mpaka ukakohoa. "Mlekwa amefungua dirisha, na nyumbani hamna fanicha!" Wasichana walipita dukani makusudi ili wachungulie. Yeye alivumilia. Kila asubuhi alivuka njia, akamweleza Siwema habari za mji.

Na kila alasiri Siwema alikwenda mtoni. Chausiku alisimama ng'ambo. Midomo haikuonekana kwa umbali ule, na hata ingeonekana, Chausiku hakuwa na sauti tena. Kikohozi kilimpata kambini. Alipona, lakini sauti haikurudi. Kwa hiyo walizungumza kwa mikono. Mwanzoni mambo madogo: nimekula, nimelala, nakukumbuka. Baadaye makubwa. Kugusa nywele ni nyeusi. Kugusa ulimi ni nyekundu. Viganja viwili vikikumbatia hewa ni chungu. Wiki ya tatu walikuwa wakisengenya watu kwa mikono, na walioteka maji pembeni hawakujua ni wao.

Alasiri moja Chausiku hakusalimia. Aligusa nywele, akakumbatia hewa, akapeleka ngumi mdomoni. Kisha akashika tumbo, akaanguka chini, akalala. Akainuka, akarudia yote, mara tatu. Siwema akaelewa: chungu cheusi, aliyekunywa amekufa. Akaenda nyumbani akimsikitikia huyo marehemu. Hakuona linawahusu wa huku.

Asubuhi yake Mzee Mlekwa alivuka njia akirukaruka. "Mwanangu! Dawa imepatikana! Mzee Mbaruku ametuma vyungu viwili, chekundu na cheusi. Mpiga mbiu ametangaza: chekundu mnywe, cheusi mnywe. Watu wote wako barazani. Jumbe ataanza."

Siwema akamshika bega. "Rudia."

"Chekundu mnywe. Cheusi mnywe."

Sasa sikilizeni. Mzee Mbaruku, akiwa upande wake wa mto, alimwambia mpiga mbiu, "Chekundu mnywe. Cheusi msinywe, ni cha kujifukiza." Ile "si" ilibaki kwenye kitambaa cha mganga. Habari ya kujifukiza ikabaki kwenye vile vitatu vya mpiga mbiu. Mji wenye masikio mazima, elfu mbili kasoro mawili, ukasikia mnywe na mnywe.

Siwema alikimbia. Alimkuta Jumbe amekwisha kunywa cha chekundu na ameshika kikombe cha cheusi. Akapaza sauti, "Sumu! Sumu!" Lakini sauti ile nzito, ndani ya kitambaa, ikafika imevunjika.

"Anataka nini?"

"Nadhani anataka chumvi."

"Mpeni chumvi, asitupigie kelele."

Akawaonyesha kwa mikono: nywele, chungu, ngumi mdomoni, tumbo, kifo. Wakacheka. Jumbe akainua kikombe. Siwema akaruka ngazi za baraza, akakipiga kikombe kikaruka, akakipiga teke chungu cheusi kikapasuka, dawa ikamwagikia miguu ya Jumbe.

Kumgusa Jumbe ni kosa la kunyongwa. Askari wakamwangusha, wakamfunga mikono nyuma. Basi akawa hana masikio, hana sauti, na sasa hana mikono.

Mzee Mlekwa akafika akihema. Yeye alikuwa ameizoea sauti ile. "Anasema sumu!" akalia. "Hasemi chumvi, anasema sumu!"

"Si wewe uliyesema asubuhi tunywe?"

"Nilisema nilichosikia! Mumfuate nani sasa, mimi au yeye? Mngojeni mganga, nawaomba. Mkikuta ni uongo, tunyongeni wote wawili."

Akashuka mbio mpaka mtoni. Kuita hakuweza, pumzi zilimwishia. Akainua mikono. Alikuwa ameona mara nyingi wale wawili wakizungumza, akajaribu: nywele, chungu, ngumi mdomoni. Ng'ambo, Chausiku alimwona. Akamvuta Mzee Mbaruku kwa kanzu, akamtia kwenye mtumbwi, akashika kasia mwenyewe, na siku zake arobaini hazijatimia.

Mganga alipanda barazani. "Nani amekunywa cheusi?"

"Bado. Ulisema tunywe."

"Nilisema msinywe!"

"Ulisema mnywe, mzee."

Mganga akakinyofoa kitambaa chake, akatupa chini. "Mmm-si-nywe! Kambini mtu amekwisha kufa kwa kukinywa!"

Mji mzima ukasikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima Mbokwa kusikia neno zima. Hakuna aliyemvusha mganga mto. Wakamfungua Siwema mikono.

Kuanzia siku hiyo watu wa Mbokwa walizungumza kwa mikono, na Siwema aliwafundisha. Wengi walikuwa wazito. Alipochoka aliwapazia sauti, wakajifunza kuielewa. Mganga akaleta chungu kingine cheusi, wakajifukiza, wakapona, maradhi yakaisha, vitambaa vikafuliwa vikawa matambara.

Jumbe akaita baraza. "Kiti kimoja cha ushauri kiko wazi," akasema. "Anayekikalia, neno lake halipitwi mpaka afe. Nitampa aliyetuokoa. Semeni."

Mzee Mlekwa akasimama. Hakuweka kiganja mdomoni. "Mimi niliianika aibu yangu. Nisingevaa lile dirisha, Siwema asingejua kama mnakwenda kunywa. Habari nilimpa mbovu, kweli. Lakini ubovu wake ndio uliomshtua. Na nani mwingine alijua kusikia sauti yake?"

Chausiku akasimama. Akainua mikono, na Siwema akasema kwa niaba yake: "Wifi yangu anasema: mimi nilifunua uso mbele ya Jumbe, nikavushwa. Nilikuwa na sauti, sasa sina. Nisingekuwa ng'ambo, nani angeona mtu akifa kwa chungu cheusi? Nani angemleta mganga? Na mikono hii mnayozungumza nayo, nusu ni yangu."

Mzee mmoja akanong'ona, "Tutajuaje kama anatafsiri sawa? Naye anakitaka kiti."

Siwema akaiona midomo yake. "Na mimi nilijuaje siku zote kwamba mnayosema ndiyo mliyokusudia? Niliwaamini." Kisha akasema yake: "Mimi nilipewa maneno mawili yanayopingana, nikachagua. Nilikipiga kikombe cha Jumbe nikijua nitanyongwa. Wao walileta habari. Mimi nilileta shingo."

Ndipo Jumbe mwenyewe akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mzima mwenye afya. "Msisahau," akasema, "amri ya vitambaa ilikuwa yangu. Bila vitambaa, tungekufa wote kabla ya dawa."

Na hakusema uongo.

Wakabishana mpaka kivuli kikahama, kwa midomo na kwa mikono, na nasikia wanabishana hata leo. Kile kiti kina vumbi.

Basi mimi nimechoka, nawaachia nyinyi. Kibogoyo aliyefungua dirisha, mwimbaji aliyepoteza sauti, kiziwi aliyetoa shingo, au mwenye amri iliyookoa watu na nusura iwaue? Semeni mmoja mmoja, na mgeukie huku ili niwaone midomo: nani alistahili kukaa?