Makubadhi ya Ukindu

Inasimuliwa kwamba zama za watu wa kale, katika mji mmoja wa pwani, aliishi mcha Mungu aitwaye Bi Shufaa. Dada yake mkubwa, Bi Thuwaiba, aliolewa kisiwa kidogo cha ng'ambo, na kwa miaka mingi hawakusemezana. Mama yao alipofariki pete yake ilipotea, na Bi Thuwaiba akashikilia kuwa mdogo wake ndiye aliyeichukua. Asubuhi moja ikaja habari kuwa dada ni mgonjwa taabani, huenda asiione kesho. Bi Shufaa akajitanda ushungi, akakimbilia bandarini. Alichokitaka ni kimoja tu: amwapie dada yake kabla roho haijatoka.

Pale bandarini palikuwa na ada. Kila msafiri alivua makubadhi akayapanga mchangani kwa jinsi alivyofika, kisha akenda zake kivulini. Viatu ndivyo vilivyomshikia zamu. Bi Shufaa aliyaweka yake mwisho kabisa, nyuma ya makubadhi yaliyofungwa kwa ukindu, akenda kuswali Dhuha. Huku nyuma maji yakajaa. Mvushaji akaviokoa viatu mbio mbio, akavipanga upya jabalini.

Bi Shufaa aliporudi, mashua ilibakiwa na nafasi moja, na viatu vilivyofuata ni vyake. Yale ya ukindu yalikuwa nyuma.

"Haya mama, ingia! Mashua hairudi tena mpaka alasiri," mvushaji akamhimiza.

Nafsi nayo haikosi wakili. Ikamnong'oneza: hukuyasogeza wewe, na dada anakata roho. Akaukanyaga ubao kwa mguu mmoja. Machozi yakamlengalenga, akaurudisha.

"Mwanangu, hii si zamu yangu. Ni ya mwenye makubadhi ya ukindu. Maji yamekuchanganya."

Mwenyewe, Mzee Faki, akasimama, amekumbatia kibuyu cha dawa ya mjukuu wake. Bi Shufaa alipokiona hakuthubutu kumwomba ampishe.

"Ukifika, mzee wangu, nipitie kwa Bi Thuwaiba. Mwambie mdogo wake anakuja. Mwambie asinifie."

Mashua ikaondoka. Akakaa jabalini na tasbihi yake, moyo ukimwaka, kila saa akiona ni mwaka, mpaka mashua iliporudi alasiri.

Alipoingia chumbani kwa dada yake hata salamu hakuikumbuka. "Wallahi, dada, ile pete ya mama..."

Bi Thuwaiba akainua mkono. "Usiape. Mzee Faki kapita hapa, kanieleza yote. Mtu asiyechukua nafasi ya mwenziwe hata kwa kuniwahi ningali hai, atachukuaje pete ya mama? Nimekudhulumu, mdogo wangu. Niwie radhi."

"Nimekuwia, dada, duniani na akhera."

Mgonjwa akajikokota mpaka ukingoni mwa kitanda, akapapasa pale palipobaki wazi.

"Basi njoo ulale. Nafasi hii ni yako."

Wakalala pamoja kama utotoni mwao, na alfajiri Bi Thuwaiba akaitika wito wa Mola wake. Pete haikuonekana kamwe.

Enyi ndugu, Bi Shufaa alivuka bahari kwenda kuapa, kumbe ushahidi wake ulikwisha kumtangulia kwa mashua ya kwanza. Tumwombe Mola atujaalie matendo ya kutusemea, siku ambayo vinywa vyetu vitafungwa.