Nakijwa na Maji ya Kijiji cha Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, niwape ya nchi iliyokunywa mfereji mmoja.

Zamani hizo za kale, mfereji ulishuka kutoka mlimani ukapita vijiji saba. Mtemi wa nchi alimkabidhi Kiboko kazi ya kuutunza. Naye Nakijwa, mwanamke mwenye ulimi usiokosea, akamfanya mwonja maji, ili Kiboko akizembea ashtakiwe. Sheria ilisema maji yaonjwe langoni, pale yanapoingia mferejini.

Kila mwezi ulipoandama, Nakijwa alikwenda langoni, akaonja, kisha akala kwa Kiboko.

"Kula ushibe, mwonja wetu," Kiboko alimwambia, akimwongezea minofu.

Siku moja akaja Digidigi, anahema. "Shikamoo, mama. Huko kwetu chini maji yananuka."

"Marahaba. Nimeyaonja langoni, ni matamu."

Akaja Nungunungu. "Mama, maji yana funza!"

"Nimeyaonja langoni, ni matamu."

Wa tatu akaja Nambua, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa kijiji cha mwisho. Amejifunga kaniki ya msiba.

"Dada, mwanangu ameharisha siku tatu. Jana tumemzika."

Nakijwa akainuka.

Akaufuata mfereji. Akatembea, akatembea, akatembea. Kijiji cha tatu, kingo zimebomoka. Kijiji cha tano, ukoo mzima wa Kiboko umejilaza majini, unakunya humo humo. Kijiji cha mwisho, maji yamekuwa tope la kijani. Akachota kwa kiganja, akaonja. Akatapika papo hapo.

Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mtemi.

"Mtemi wangu, maji yanaua."

"Kiboko huyo!" Mtemi akanguruma. "Nitamfukuza leo, nimweke mwingine."

"Ukimweka mwingine, naye atafanya vivyo hivyo. Aliyepaswa kumwona akizembea ni mimi, na mimi nilikuwa nakula kwake. Sikuvunja sheria, Mtemi wangu. Niliifuata, na mtoto wa mdogo wangu akafa."



"Unataka nini basi?" Mtemi akauliza, taratibu.

"Maji yaonjwe mwisho wa mfereji. Mwonja achaguliwe na wanaokunywa mwisho, asile kwa mtunzaji hata tonge. Na akisema maji ni mabaya, Kiboko na ukoo wake wahamie kule kule, wanywe hayo hayo mpaka yatakate. Mimi niondoe."

Mtemi akainamisha kichwa. Kisha akasimama, akaitangaza sheria mpya kama ilivyosemwa. Digidigi akachaguliwa mwonja, akaonja, akasema maji ni mabaya. Kiboko akahamishwa pamoja na ukoo wake, wananung'unika, na kwa kiu yao wakaanza kujenga kingo.

Nakijwa akaenda kwa mdogo wake. Akapiga magoti mlangoni.

"Nambua, nisamehe."

Nambua akaingia ndani, akatoka na majembe mawili, akampa moja.

"Pale nyuma ya makaburi mfereji bado umeziba," alisema. "Twende."

Wakaenda, wakachimba mpaka maji yakapita.

Na mimi ngano yangu naitua hapo.